Kwa Tumaini, kabla ya mahojiano

Uyole, Mbeya

Kamwene Tumaini,

Hongera kwa kupita mchujo, wengi huishia pale. Ila umenichekesha. Kila asubuhi unasimama mbele ya kioo unasema "Mimi ndiye afisa ugani bora kuliko wote," na ukimaliza unajiona ovyo zaidi. Nimecheka, lakini sikushangaa.

Mtafiti mmoja wa saikolojia huko Kanada, Joanne Wood, alichapisha na wenzake utafiti mwaka 2009. Watu wasiojiamini walipojirudia kwamba wanastahili kupendwa, walijisikia vibaya kuliko wasiojiamini wenzao ambao hawakusema kitu. Waliofaidika, tena kidogo tu, ni wale waliokuwa wakijiamini tangu zamani. Hao wahamasishaji wa redioni hawakuambii hilo. Moyo nao ni mbishi: ukiupa maneno usiyoyaamini, unakutajia makosa yako yote.

Usiache kujisemesha, badili maneno tu. Sema jambo ambalo hata yule mkufunzi wetu mkali asingelibisha. Unamkumbuka yule mzee wa viazi, wakati wa mafunzo kwa vitendo, aliyeshikilia kwamba majani yameunguzwa na baridi? Wewe ndiye uliyegeuza jani ukamwonyesha ukungu mweupe kwa chini. Alibisha weee, mwisho akakuomba ukaangalie na shamba la mdogo wake. Basi sema hivi: "Nilimweleza mkulima mbishi ugonjwa wa viazi vyake, akanielewa." Haina mbwembwe, lakini ilitokea, na nilikuwepo. Tena wakikuuliza uzoefu wako, jibu tayari unalo.

Ukiwa nje ya mlango unasubiri kuitwa, jiite kwa jina: "Tumaini, tulia, wasalimie, anza na yule mzee." Unaweza kujiona kichaa, lakini Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba wanaojisemesha kwa majina yao kabla ya kuhutubia huvumilia wasiwasi vizuri kuliko wanaosema "mimi, mimi."

Mbolea na vipimo vya dawa pitia mwenyewe, kioo hakitakusomea.

Kwa kuwa usaili uko Mbeya, usipitilize hadi stendi kuu, shuka hapa Uyole siku moja kabla. Usiku nitakuhoji kama mwenyekiti wa jopo, na sitakuonea huruma. Beba sweta, Julai hii haitanii.

Wako,
Atu