Usilichimbe, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Picha za kilima cha nyuma ya Pocatello, huko mashariki mwa Idaho, nimezipata. Ndugu yako mkubwa amenikuzia ile ya ua moja hadi nikaona vinyweleo vya jani. Wazo lako la kuniletea mmea huo niupande uani limenifurahisha, ila kabla hujaazima sururu ya mtu nakuomba: ua hilo la njano usilichimbe. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Kwenye simu utasema "sawa, Mama", kisha utafanya lako.

Kwanza hakikisha kwamba ndilo lenyewe. Huko kwenu yapo mawili yanayofanana, yote ya njano, yote ya ukoo wa alizeti. Moja jani lake ni la kijani kinachong'aa, laini ukilipapasa, na linapenda udongo mzito unaoshika maji. Hilo silo. Hili letu, Balsamorhiza sagittata, jani lake lina umbo la kichwa cha mshale, limefunikwa vinyweleo vyeupe hadi linaonekana kama limepakwa majivu, na kila kikonyo kinabeba ua moja tu juu yake. Linakaa kwenye miteremko ya mawe inayopigwa na jua. Kwa picha ulizotuma, naona umelipata lenyewe.

Sasa tuje kwenye mzizi, maana hapo ndipo penye kesi. Wewe umezoea kuniona ninang'oa muhogo: unashika shina, unatikisa, unavuta, unakuja na udongo wake. Mmea huu hauvutiki. Mzizi wake mkuu unaweza kushuka zaidi ya mita mbili, ukipenya katikati ya mawe, na kwa mmea mzee unene wake hufika sentimita kumi. Utachimba kutwa nzima, utakata kipande cha juu, utanifikishia Boise kitu kilichokwisha kufa ila majani yake hayajapata habari. Hata wenye bustani za biashara hawapendi kuuhamisha ukishakua. Halafu fikiria umri wake. Mmea huu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua lake la kwanza, na unaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Huo ulioupiga picha, wenye maua mengi namna ile, huenda ulikuwa kwenye mteremko huo kabla wewe hujazaliwa kule kambini Nyarugusu, Tanzania.

Mimi ni mkulima, na mwaka wa kwanza tulipofika hapa vilima hivi vilinisumbua kichwa. Nilizoea milima ya Uvira kwetu Kongo, kijani hadi juu, na masika ya Nyarugusu yaliyokuwa yanabomoa kuta za matope. Boise inapata kama milimita 300 za mvua kwa mwaka, na nyingi huja wakati wa baridi, wakati hakuna kinachoota. Kiangazi kizima hupati hata tone la maana. Niliviangalia vilima vile mwezi wa nane nikasema hapa hata mbuzi angelia. Kisha mwezi wa nne ukafika na mteremko mzima ukawa njano.

Siri yake ni saa. Theluji ikiyeyuka, maji yanazama kwenye nyufa za miamba, na mzizi mrefu unayakuta huko chini ambako mizizi ya nyasi za juu haifiki. Mmea unaamka mapema, unatoa majani, unachanua, unakomaza mbegu, yote kabla jua halijawa kali. Vile vinyweleo vyeupe vinarudisha mwanga na kuzuia upepo usilinyonye jani. Mwezi wa saba ukipita hapo utakuta majani makavu yanayokatika ukiyakanyaga, na mtu asiyejua atasema umekufa. Haujafa. Umelala hadi mwakani. Huku kwetu sasa unamalizia kuchanua, na huko Pocatello mpo juu zaidi ndiyo maana wako ndiyo kwanza umeshika moto.

Uliniuliza pia kama unalika, eti umesoma mahali. Unalika, ndiyo. Watu wa milima hii wameula tangu zamani: vikonyo vichanga humenywa na kutafunwa vibichi, mbegu hukaangwa na kutwangwa ziwe unga. Mizizi ni kazi kubwa. Waliifukia shimoni pamoja na mawe ya moto kwa saa nyingi, kwa sababu ina utomvu wenye harufu kali na wanga wake si ule wa muhogo, tumbo haliuwezi bila kupikwa sana. Lakini ukitaka kujua haya usiulize simu. Fort Hall iko karibu na chuo chenu, hata kilomita 30 hazifiki. Huko wanaishi Washoshone na Wabannock, wenyeji wa asili wa nchi hii, na baadhi yao babu zao walikuwa watu wa bonde hili la Boise ninapokaa mimi. Mwaka 1869 walihamishwa kwa nguvu, wakapelekwa huko. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza, nilikaa kimya muda mrefu, maana mimi nimepewa funguo za nyumba mahali ambapo wao waliondolewa, na mimi pia kuna mahali nimeondolewa.

Wanarudi hapa Boise mwezi wa sita, kwa mkutano wao wa kila mwaka, chini ya ule mwamba wanaouita Eagle Rock. Bustani ya umma iliyo hapo ilibadilishwa jina mwaka 2019, nayo sasa inaitwa Eagle Rock Park. Kama una rafiki darasani anayetoka Fort Hall, muulize kwa adabu mama zake wanasema nini kuhusu ua hili. Usimuulize siku ya kwanza. Wewe mwenyewe ulikuwa unachukia mtu kukuuliza habari za kambi kabla hajajua jina lako.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi zaidi ya sururu yako. Pembeni ya maua kwenye picha ya tatu naona yale majani membamba yenye mashuke yanayoinama, yanayoshika kwenye soksi. Hayo si ya hapa. Yaliletwa kutoka Ulaya na Asia katika karne ya 19. Yanaota vuli, yanakauka mapema kabla ya mengine, na cheche moja inatosha. Unakumbuka moto wa Table Rock hapa Boise mwishoni mwa Juni 2016? Fataki za mtu mmoja, zikateketea ekari zaidi ya 2,000. Mmea wetu hauogopi moto mmoja, unachipua tena kutoka kwenye kichwa cha mzizi kilichofichwa na udongo. Ila mche mdogo hauna mzizi huo, na kila moto unapopita yale majani mageni ndiyo yanayowahi nafasi. Kwa hiyo mimea mizee inabaki, watoto wanakosekana. Ndiyo sababu nyingine ya kutochimba mzee yeyote.

Nikitaka kitu, nataka mbegu. Ulizia kwanza ardhi hiyo ni ya nani, kwa sababu sehemu kubwa ya vilima ni mali ya umma na wana masharti yao. Wakikuruhusu, nenda mwishoni mwa Juni au Julai, vichwa vikishakauka. Mbegu zake hazina manyoya ya kupeperuka, zinaanguka hapo hapo chini, kwa hiyo chukua konzi moja kutoka mimea tofauti na uache nyingi. Zibonyeze kwa kucha. Zile zinazobonyea zimeliwa na wadudu. Zitie kwenye bahasha ya karatasi. Usitie kwenye mfuko wa plastiki, zitaota ukungu.

Nitazipanda Oktoba, palepale zitakapokaa siku zote, kwenye ile pembe ya kokoto nyuma ya gereji ambako hata lengalenga, mchicha wetu, ilinikatalia. Zinahitaji baridi na unyevu kwa miezi miwili mitatu ndipo zifunguke, na hiyo kazi nitaiachia theluji. Sitazimwagilia kama bamia. Baba yako ameshaanza kucheka kwamba nangoja ua la miaka mitano, wakati yeye mwenyewe alingoja majibu ya maombi yetu ya safari kwa miaka mingi zaidi ya hiyo bila kucheka.

Ukija, usisahau sufuria yangu kubwa ya kupikia sombe. Na ule mtihani wa kemia, niambie ukweli umekwendaje.

Mama yako