Mdogo wangu, msaragambo haulipwi kwa simu

Mdogo wangu,

Hela uliyotuma imefika, na swali lako pia: kwa nini mpaka leo tunapigiana mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwenda kufukua barabara, wakati tungechanga tukakodi katapila? Nakujibu hadharani kwa sababu najua huko Dar hauko peke yako unayeuliza.

Hilo katapila lipite wapi? Barabara ndiyo iliyokatika. Huku Upareni mlima ukimeguka, kinachotangulia kufika ni jembe la jirani. Goha, kule Mamba Miamba wilayani Same, maporomoko yalifunika nyumba na watu wake mwaka 2009. Hanang, Desemba 2023, jeshi na mitambo vilikwenda, na bado waliokufa walizidi 80.

Ila usidhani msaragambo ni huruma. Ni sheria. Kila kaya inatoa mtu, majina yanasomwa, na asiyefika bila udhuru anapigwa faini. Kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ndiyo usiseme: hukuja kuzoa tope, zamu yako ya maji inarukwa, mahindi yanakauka unayaona. Mgonjwa na mama aliyetoka kujifungua wanasamehewa. Mama mwenye watoto wadogo anabaki kupika makande, na hiyo inahesabiwa kazi kamili. Watu wanatukanana mfereji mzima asubuhi, mchana wamezunguka sufuria moja.

Kinachotumaliza ni hiyo faini yenyewe. Siku hizi vijana wanailipa mapema, tena kwa simu, kisha wanaendelea na shughuli zao. Mara ya mwisho tulikuwa akina mama na wazee watupu. Jiwe lililoziba mfereji lilitaka vijana wanne na mtaimbo. Wazee wakalikalia kikao. Mwishowe tukaliwashia moto wa kuni, likaiva, tukalimwagia maji ya baridi, likapasuka. Kazi ya nusu saa ikala siku nzima.

Na tusimsingizie Mungu kila kitu. Tangawizi imetulipia ada, sikatai, lakini tunailima kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaifikiria mara mbili. Ukiing'oa, udongo unabaki umelegea, na vuli inaukuta hivyo hivyo. Wazee walipanga mawe kuuzuia. Sisi tunayaondoa tupate tuta moja zaidi. Mimi ningetaka msaragambo uitwe Septemba, tuzibue makinga maji na kupanda majani ya guatemala ya kushika udongo kingoni, kuliko kuitwa Novemba tukiwa tumebeba machela. Nimelisema kwenye mkutano wa kijiji. Wakaniuliza: nguvu kazi iko wapi?

Basi nimewajibu kwamba wewe utakuja. Likizo yako iombe Septemba. Mtaimbo upo, chumba chako mama amekifagia, na jina lako nimeshaliandikisha. Usije na vile viatu vyeupe.

Kaka yako