Nungwi isingoje kuchakaa

Mhariri,

Nungwi, kijiji cha kaskazini mwa Unguja, niliyoikuta utotoni ilikuwa ya wavuvi na mafundi wa majahazi. Wageni wachache walikuja na mabegi mgongoni. Leo hoteli zimebanana ufukweni, fundi anatafuta pa kulaza mbao zake. Mwaka 1980 mtaalamu wa jiografia Richard Butler alieleza kwamba kituo cha utalii hukua, hufika kikomo, kisha hudorora au hufufuliwa. Kwa nini tungoje kikomo? Chumbe, kisiwa kidogo hapa hapa kwetu, ina bangaloo saba tu, zenye mapaa ya kukinga maji ya mvua. Si lazima kila pahala pawe Chumbe, najua. Lakini kabla ya kutoa kibali kingine, wahusika watwambie: maji ya visima vya Nungwi yanatosha vitanda vingapi?

Msomaji wako,
Unguja