Saini za kuomba njia ya waenda kwa miguu na baiskeli

Ndugu wanakikundi, salaam.

Nawashukuru mliokwisha kusaini barua ya kuomba njia ya waenda kwa miguu na baiskeli kutoka mtaani kwetu hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi Kimara. Tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ina njia za pembeni kwa ajili hiyo, lakini mtu huzifikia akiwa amekwisha kupishana na bodaboda na malori ya mchanga kwenye barabara ya mtaa isiyo na pa kukanyaga, na wanafunzi huruka mtaro kila gari linapopita.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, hivyo barua itapitia kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani. Uzito wake utatokana na ridhaa ya maandishi ya wenye nyumba walio tayari kurudisha uzio nyuma, jambo ambalo, najua, si dogo kwa aliyejenga ukuta juzi. Wapangaji nao wasaini, maana ndio watembeaji wakubwa.

Karatasi zipo ofisi ya serikali ya mtaa hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Tafadhali mje na namba ya nyumba.