Kitambulisho cha mama hakitoshi?

Mhariri,

Mwana wa dada yangu alizaliwa Unguja mwaka 1998. Mamake ni mzaliwa wa Langoni, hapa Lamu. Babake ni Mzanzibari. Kwa sheria ya wakati ule, mtoto wa Mkenya aliyezaliwa nje alirithi uraia kwa baba tu. Mwanamume wa Lamu akioa Unguja au Muskat, wanawe ni Wakenya na mkewe ana haki ya kuandikishwa. Mwanamke akiolewa huko, wanawe ni wageni, na mumewe hana lake. Sisi watu wa visiwani, ambao ndoa zetu zimefuata majahazi tangu enzi, sheria hiyo ilitugawa ndani ya nyumba moja.

Agosti 27, 2010 Katiba mpya ikaanza kazi. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo mamake au babake ni raia, popote alipozaliwa. Tena kinawahusu hata waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Hapo ndipo mpwa wangu alipokwamishwa. Alikwenda afisi ya usajili wa watu kuomba kitambulisho, akapeleka cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mamake. Akaulizwa, "Cha baba kiko wapi?" Aliposema baba si Mkenya, akaambiwa basi na yeye si Mkenya, arudi kwao. Dada yangu alikuwa amesimama pale pale.

Ameshakwenda mara tatu. Hana laini ya simu kwa jina lake, kazi haandikwi, na basi la Mombasa likisimamishwa njiani yeye ndiye anayeteremshwa.

Naelewa hofu ya mpaka. Lamu tumezika watu wetu kwa mashambulizi, na hakuna anayetaka uchunguzi uachwe. Lakini cha kuchunguza ni kama huyu mama ndiye aliyemzaa. Wazee wa mtaa wapo, waulizwe.

Wamakonde, jamii iliyoishi Kenya miaka mingi bila uraia, walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikizwa. Wapemba wa Pwani, waliokuwa katika hali hiyo hiyo, wakatambuliwa Julai 2023. Nilifurahi nao. Ila wao walikuwa wakiomba kupewa uraia; kijana wetu tayari anao, anaomba karatasi yake tu.

Wakuu wa usajili wa watu watume waraka kwa kila afisi ya Pwani, wabandike dirishani, useme kwa Kiswahili kinachosomeka: asiye na kitambulisho cha baba, cha mama kinatosha.

Mjomba mtu,
Langoni, Lamu