Wadau, ukuta wa ghala umefika linta, sasa tunaomba bati

Habari zenu wadau, wazee shikamooni. Nimetumwa na kamati ya ghala niandike hili tangazo, mwenyekiti alitaka liwe kama barua ya ofisi nikamwambia mzee huku kwenye simu barua za ofisi hazisomwi, acha niongee tu.

Kuvuna tunavuna. Naanza na hilo maana ndugu zetu wa mjini wakisikia kijiji kinachangisha wanajua tayari mvua imegoma. Hapana, safari hii mahindi yamekubali. Shida yetu inaanza siku gunia linapoingia ndani.

Juzi mama mmoja jirani yangu alitoa gunia lake la mwisho, lile aliloweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Alivyolinyanyua tu akashtuka, jepesi. Kulifungua, unga. Sio unga wa mashine, unga wa dumuzi, punje zimebaki maganda yana matundu kama chujio na wadudu wenyewe wanatembea taratibu hawana hata wasiwasi. Akakaa palepale mlangoni akaanza kupeta kilichobaki, hakusema neno. Huyu dumuzi jamani asili yake Amerika ya Kati, na hata mbao anatoboa, kwa hiyo kihenge cha miti kwake si kitu.

Sasa watu kwa kumwogopa wanauza mapema, wiki ya mavuno kila mtu anauza, walanguzi wanalijua hilo wanakuja na lori na bei yao mfukoni, halafu miezi michache mbele tunanunua mahindi yaleyale kwa bei ya kuumiza. Wengine wanaweka ndani hayajakauka, hapo unaingia ukungu na sumukuvu, na sumukuvu hata uchemshe vipi haitoki, inayoumia ni ini. Tumeanza kupima kwa chupa: chupa kavu, mahindi yajae theluthi, chumvi kavu kidogo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa rudisha juani, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata afadhali, ila ya kuweka muda mrefu tunataka yashuke mpaka 13 hivi.

Ndio maana ya ghala. Kiwanja katoa mzee mmoja, tofali tumefyatua wenyewe, vijana wamechimba msingi, kina mama wamebeba mchanga na maji. Kilichobaki ni vya kununua: bati, mbao za kenchi, saruji ya sakafu, wavu wa madirisha ya hewa panya wasipite, na mbao za chaga ili magunia yasiguse chini wala ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa pia tunaihitaji, ukiifunga vizuri wadudu wanaishiwa oksijeni wanakufa bila dawa. Lakini bati kwanza, mvua ikikuta zile tofali mbichi wazi tutaanza upya, na mimi mgongo wangu hautaki.

Najua mtauliza hela zinakaaje, tena muulize. Kuna mchango wa kisima tuliwahi kuchanga, na mimi nilitoa, mpaka leo hatujaona hata ndoo moja ya maji. Safari hii wanaosaini ni watatu, na kila risiti inapigwa picha inawekwa kwenye grupu siku hiyohiyo. Bado huamini? Usitoe hela, nunua bati mwenyewe upakie kwenye gari linalokuja huku, fundi atakutumia picha likiwa juu ya paa.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, palepale kwenye ukuta, asubuhi jua halijawa kali. Asiye na hela aje na nguvu, kuna mbao za kupandisha. Ahadi mpeni mweka hazina, namba yake iko kwenye grupu. Daftari limeshafunguliwa, jina la kwanza ni la yule mama wa gunia: misumari kilo mbili, na keshaileta.