Mayai ya bata na bata bukini: kabla hamjafungua mashine ya kuangulia

Habari zenu wanakikundi. Naona swali ni lile lile: "siku 21 zimepita, mbona kimya?" Jamani, hizo ni za kuku. Bata wa kawaida huchukua siku 28, bata aina ya maskovi 35 hivi, na bukini 28 mpaka 35 kutegemea aina. Msitupe mayai!

Joto liwe nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa mashine yenye feni. Kinachowaangusha wengi ni unyevu. Mama bata hutoka kila siku akarudi na manyoya yamelowa, kwa hiyo kuanzia wiki ya pili, kila siku zima mashine dakika 10 hadi 15, pulizia mayai maji ya uvuguvugu, kisha funika na uwashe tena. Bukini hasa hulipenda hili. Mulika mayai kwa tochi gizani uone ndani siku ya 7 hadi 10, yai lisilo na mishipa ya damu litoe, likioza hupasuka (harufu yake, mh!).

Siku 3 za mwisho acha kugeuza mayai, pandisha unyevu ufike asilimia 70. Ganda likitobolewa, kifaranga anaweza kukaa saa 24 hata 48 kabla ya kutoka. Mikono mbali, tafadhali.

Tumeni picha za mayai mliyomulika leo jioni, nitaziangalia.